Gari linalorusha linakula faida yako

Mfanyabiashara anayenunua nyanya au mayai vijijini na kuviuza Bariadi mjini hupoteza fedha mara mbili: kwenye mafuta, na kwenye mali inayopondeka njiani. Hasara hii ya pili haina risiti, hivyo wengi hawaihesabu.

Lami ya Lamadi, Bariadi hadi Maswa imesaidia, lakini mali nyingi bado huanzia kwenye barabara za vumbi. Udongo mweusi wa mbuga ukilowa hukatwa na magurudumu, na ukikauka huacha mifereji migumu. Ndiyo maana pikapu za Land Cruiser hupendwa mkoani Simiyu. Toleo la mwaka 1999 liliwekewa springi za koili mbele, lakini nyuma zilibaki springi za majani kwa ajili ya mzigo. Likiwa tupu, hurusha.

Msimu wa pamba baadhi ya wenye magari huongeza majani ya springi ili wabebe zaidi. Pamba ikiisha, majani hayatolewi. Gari hilo hilo hubeba mayai, na pengine mama mjamzito anayewahishwa hospitali.

Anza na kisichogharimu sana. Pima upepo asubuhi, tairi zikiwa baridi, ukifuata kibao kilichopo kwenye mlango wa dereva. Tairi lililojazwa kupita kiasi hudunda. Ukipunguza upepo kidogo kwenye njia mbaya, gari likiwa na mzigo mwepesi, nenda polepole na ujaze tena kabla ya kuingia lami. Tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa hupata moto na kupasuka.

Pili, mwambie fundi akague bushi na asafishe kutu katikati ya majani. Tatu, angalia shokapu. Inayovuja mafuta imekwisha. Bonyeza kona ya gari kisha achia: likiendelea kunesa, shokapu haifanyi kazi. Majani ya ziada yaondolewe pamba ikiisha, na mzigo mzito ukae mbele ya ekseli ya nyuma.

Sasa piga hesabu. Chukulia unapoteza tenga 1 la nyanya kila safari, na una safari 2 kwa wiki. Kwa mwezi ni matenga 8. Zidisha kwa bei ya sokoni, kisha linganisha na bei ya shokapu 2 pamoja na ufundi. Jibu ndilo likuongoze kwenda gereji au kusubiri.