Msalaba Si Pambo la Shingoni

Ukitoka mjini Naivasha na kuifuata barabara ya kusini mwa ziwa, hukawii kufika Karagita, wanakokaa wafanyakazi wengi wa mashamba ya maua. Msalaba utauona juu ya makanisa na shingoni mwa vijana. Je, ndugu msomaji, maana yake ni nini?

Kwa Warumi wa kale msalaba ulikuwa mti wa aibu, adhabu ya watumwa na waasi. Wakristo huamini kwamba Yesu aliukubali kwa hiari ili awakomboe wanadamu. Lakini pia alimtaka kila mfuasi ajitwike wake.

Mfano uko karibu. Mwaka 1994 Padre John Kaiser, Mmarekani, aliwahudumia katika kambi ya Maela watu waliofukuzwa makwao Enoosupukia. Baadaye alitoa ushahidi mbele ya Tume ya Akiwumi kuhusu mapigano ya kikabila, akawataja wakubwa serikalini. Tarehe 24 Agosti 2000 maiti yake ilikutwa Morendat, kando ya barabara ya Naivasha na Nakuru. Wapelelezi wa Marekani walisema alijiua. Mwaka 2007 mahakama ya Kenya iliamua kuwa aliuawa.

Miezi michache baadaye, Januari 2008, Naivasha yenyewe ilishuhudia majirani wakifukuzana na kuuana kwa sababu ya kabila. Wengi wao walikuwa Wakristo.

Basi anayeuvaa msalaba hana budi kujiuliza: jirani yangu akifukuzwa kwake, nitasimama upande gani?