Haki Iliyoitangulia Torati

Katika sura ya 4 ya Waraka kwa Warumi, Mtume Paulo anauliza swali ambalo hoja yake yote inalitegemea: Ibrahimu alihesabiwa haki lini, kabla ya kutahiriwa au baada yake? Jibu limo katika kitabu cha Mwanzo. Sura ya 15 inamwonyesha mzee asiye na mtoto, usiku, akiambiwa azihesabu nyota. Anamwamini Mungu, na papo hapo anahesabiwa haki. Ishmaeli anazaliwa katika sura ya 16, baba yake akiwa na miaka 86. Tohara inakuja katika sura ya 17, Ibrahimu akiwa na miaka 99 na Ishmaeli 13. Kwa hiyo, kwa muda usiopungua miaka 13 mtu huyu alikuwa na haki mbele za Mungu bila alama yoyote mwilini, na Torati ya Musa ilikuwa bado mbali sana. Wagalatia wanaandikiwa kwamba ilikuja miaka 430 baada ya ahadi. Kwangu mimi, fundisho lote la Kikristo kuhusu haki limesimama juu ya mfuatano huu. Sheria haiwezi kuzaa kitu kilichoitangulia.

Pingamizi zito linatoka ndani ya Agano Jipya lenyewe. Yakobo, katika sura ya 2 ya waraka wake, anamtaja Ibrahimu yuleyule na andiko lilelile, kisha anaikataa imani isiyo na matendo. Mwaka 1522 Martin Luther aliufananisha waraka huo na majani makavu. Naona hakumtendea Yakobo haki. Yakobo anazungumzia kutolewa kwa Isaka, tukio la sura ya 22, miaka mingi baada ya usiku ule wa nyota. Paulo anaeleza haki ilivyopokelewa, Yakobo anaeleza imani hiyo ilivyothibitika kuwa hai. Walutheri na Wakatoliki, waliofarakana juu ya jambo hili tangu karne ya 16, walitia saini tamko la pamoja mjini Augsburg tarehe 31 Oktoba 1999, wakikiri kwamba mtu hukubaliwa na Mungu kwa neema, na matendo mema hufuata.

Je, basi, mtu aishi apendavyo? Paulo aliijua hoja hiyo na akaikana kabisa. Kitabu cha Kutoka kinaonyesha kwa nini. Waisraeli wanavuka bahari katika sura ya 14; Amri Kumi zinatolewa katika sura ya 20, na hata hapo Mungu anaanza kwa kuwakumbusha kwamba amekwisha kuwatoa utumwani Misri, ndipo anaamuru. Hakuwataka wazishike amri kwanza ili awafungue. Amri ya Sabato, inaporudiwa katika Kumbukumbu la Torati sura ya 5, inamtaka mwenye nyumba awapumzishe watumwa wake, kwa sababu naye alikuwa mtumwa akatolewa.