Kurudi Shambani: Mwaka wa Kwanza

Huenda umefanya kazi mjini miaka mingi nawe sasa umerudi kulima. Maelezo haya ni ya mwaka wa kwanza tu, maana huo ndio mwaka unaowashinda wengi.

Kosa la kwanza ni kulima eneo kubwa. Karibu na Korogwe nilimwona mzee mmoja aliyerudi na kiinua mgongo chake. Alikodi trekta, akalima eka tano, akapanda mahindi matupu mvua za masika zilipoanza mwezi wa Machi. Mimi Bwana Shamba nilipita siku ile trekta ikifanya kazi, nikamsifu, wala sikumwuliza nani atakayepalilia. Yeye na mkewe walikuwa wawili tu na majembe yao. Walipomaliza eka ya kwanza, magugu ya eka ya tatu yalikuwa yamefika magotini. Walivuna eka moja na nusu, na kufika Desemba yule mama alikuwa akinunua unga dukani. Fedha za kiinua mgongo zilikuwa zimekwisha kwa trekta na mbegu.

Basi, kabla ya kukodi trekta, hesabu mikono. Kama mko wawili, pimeni eka moja ya mahindi, yaani hatua 70 kwa 70, na nusu eka ya muhogo na viazi vitamu. Ardhi itakayobaki iacheni mpaka mwaka ujao. Jirani watasema mnaogopa kazi, waacheni waseme.

Panda mahindi kwa mistari, sentimita 75 toka mstari hadi mstari, na sentimita 30 toka shimo hadi shimo, mbegu moja kila shimo. Palilia mara ya kwanza majuma mawili baada ya mahindi kuota, na mara ya pili kabla ya kutoa mbelewele. Mahindi machanga hayawezi kushindana na magugu. Ukichelewa, palizi itasafisha shamba lakini mazao yaliyopotea hayatarudi. Kwa hiyo weka fedha ya kibarua wa palizi kando mapema, usiiguse kwa jambo jingine.

Viazi vitamu huwa tayari kwa miezi mitatu hadi mitano, tena matembele yake ni mboga.

Muhogo ndio akiba yako mvua zikikosa, nao yafaa upandwe mwaka huo huo wa kwanza, kwa kuwa wakaa ardhini miezi tisa hadi kumi na miwili, au zaidi, kabla ya kuvunwa. Kata vipande vya sentimita 20 hadi 30 kutoka shina lililokomaa, uvipande mita moja kwa mita moja. Muhogo mchungu usichemshe ukala kama viazi, maana una sumu. Umenye, uloweke siku tatu au zaidi, uuanike juani ukauke kabisa, ndipo usage unga.

Usipokee mbegu ya muhogo kwa sababu tu umepewa bure na shemeji. Tazama kwanza majani: yakiwa na mabaka ya manjano na kujikunja, hiyo ni batobato. Iko na nyingine, michirizi ya kahawia, ambayo ilielezwa mwaka 1936 na mtaalamu H. H. Storey wa kituo cha utafiti cha Amani, huko huko Tanga. Hii ni ya hila, maana jani laweza kuonekana zuri na mzizi umeoza ndani. Mwombe mwenye shamba ang'oe shina moja, mkate mzizi wake vipande. Mkiona madoa ya kahawia yaliyokauka kama kizibo cha chupa, usichukue hata kijiti kimoja katika shamba lile. Ukiwa na mashaka, mwite Bwana Shamba aje auone mzizi papo hapo. Kumpelekea jani peke yake hakutoshi.