Je, Wajua? Mkongwe wa Kigoma na Injini Zake

Je, wajua kwamba mkongwe maarufu kuliko wote aliyebadilishiwa injini Kigoma si gari, ni meli? MV Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande na kuja kuungwa upya Kigoma. Iliingia ziwani 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe, wasimwachie adui, ila kwanza wakazipaka mashine zake grisi nzito. Waingereza walipoiibua 1924, mashine hizo za mvuke bado zilifaa! Ziliisukuma hadi miaka ya 1970, zikaipisha dizeli; mwaka 1993 Denmark ikasaidia ukarabati mwingine. Kiunzi ni kilekile.

Mwenye Corolla kuukuu pale Ujiji apige hesabu hiyohiyo: bodi na chasisi zikiwa nzima, injini ya mtumba ya ukoo uleule ndiyo nafuu, maana hukaa kwenye mauntingi zilezile na giaboksi iliyopo. Ya ukoo mwingine hudai waya, kontrolboksi na fundi mwenye subira. Namba ya injini imo kwenye kadi ya gari, kwa hiyo TRA nao wajulishwe.