Hewa nzito ofisini yala faida kimya kimya

Mpangaji anayetafuta chumba cha ofisi katikati ya Dar es Salaam au Mombasa huuliza maswali ambayo kila mfanyabiashara anayajua: kodi ni kiasi gani, inalipwa kwa miezi mingapi, umeme una mita yake au ni wa kuchangia, maji yapo, gari litaegeshwa wapi. Ni nadra kusikia mtu akiuliza hewa ya chumba hicho inaingilia wapi. Akiona kiyoyozi ukutani huridhika.

Hapo ndipo hesabu inapoanza kuharibika. Kiyoyozi cha kawaida, kile chenye kipande kimoja ndani na kingine nje, hakileti hewa mpya. Mabomba yanayounganisha vipande hivyo hupitisha gesi ya kupoozea tu. Mashine huvuta hewa ile ile ya chumbani, huipoza, huipunguzia unyevu na kuirudisha. Madirisha yakifungwa ili baridi isitoroke, watu 8 waliomo hushinda wakipumua hewa waliyokwisha kuipumua, pamoja na harufu ya rangi mpya, gundi ya samani na vumbi la zulia. Ifikapo saa 9 alasiri vichwa vinauma, macho yanawasha, na mhasibu anajumlisha safu moja mara tatu. Wengi hudhani ni uchovu au chakula cha mchana.

Nchi zilizotangulia kufunga madirisha zimekwisha kuilipia hali hii. Nchini Marekani, viwango vya ujenzi vilitaka kila mtu ndani ya jengo aletewe kama lita 7 za hewa ya nje kwa sekunde. Mafuta yalipoadimika mwaka 1973, kiwango hicho kilishushwa hadi chini ya lita 2.5, kwa kuwa kupoza au kupasha moto hewa ya nje hula nishati. Bili zilipungua kweli. Lakini malalamiko yakazidi, ya watu wanaoumwa wakiwa kazini na kupata nafuu wakifika nyumbani. Mwaka 1984 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba huenda hadi asilimia 30 ya majengo mapya na yaliyokarabatiwa duniani yana malalamiko ya aina hiyo. Mwaka 1989 chama cha wahandisi wa viyoyozi cha Marekani, ASHRAE, kilipandisha kiwango cha ofisi hadi zaidi ya lita 9 kwa mtu, na Machi 2021, wakati wa korona, Shirika la Afya lilipendekeza lita 10.

Kwa wenye hoteli kubwa liko la kutisha zaidi. Julai 1976, askari wastaafu walikutana katika hoteli ya Bellevue-Stratford mjini Philadelphia. Zaidi ya watu 200 waliugua homa ya mapafu na 34 wakafa. Bakteria aliyesababisha aligunduliwa Januari 1977, na lawama ikaangukia maji ya mtambo wa kupoozea hewa. Hoteli haikusubiri jibu hilo: wageni walikimbia, na Novemba 1976 ikafunga milango. Viyoyozi vidogo vya ukutani havina mtambo wa maji wa namna hiyo, hivyo mwenye duka asipoteze usingizi. Mwenye jengo la ghorofa nyingi lenye mtambo mmoja wa pamoja anapaswa kujua nani anausafisha na mara ngapi.

Swali la mfanyabiashara ni je, hewa nzito inagharimu kiasi gani? Jibu la karibu zaidi lilitoka Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 2015. Watafiti wakiongozwa na Joseph Allen waliwaweka wafanyakazi 24 katika ofisi ya majaribio mjini Syracuse kwa siku 6, wakibadilisha hewa bila kuwaambia, na kila alasiri wakawapa mtihani wa kufanya maamuzi. Siku ambazo gundi na rangi zilipunguzwa hewani na hewa ya nje ikaongezwa maradufu, alama zilizidi zile za siku ya hewa ya kawaida ya ofisi kwa asilimia 101. Hesabu iliyofuata ilionyesha kwamba kuongeza hewa maradufu kungemgharimu mwajiri wa Marekani chini ya dola 40 kwa mtu kwa mwaka, na kumrudishia kazi yenye thamani ya dola 6,500.

Dola hizo 6,500 zisichukuliwe kama zilivyo. Ni za mishahara ya huko, na watu 24 ni wachache. Lakini hata ikibaki sehemu ya kumi ya faida hiyo, bado gharama ni ndogo kuliko mapato, na hiyo ni biashara ambayo mtu yeyote angeikubali.

Kwetu ziko sumu nyingine ambazo ofisi ya Syracuse haikuwa nazo. Saluni ya chumba kimoja iliyofungwa kwa ajili ya kiyoyozi hukusanya mvuke wa dawa za nywele na rangi za kucha, na anayezipumua kutwa ni msusi, si mteja. Mbaya kuliko zote ni jenereta. Umeme ukikatika huwashwa kwenye kibaraza au uchochoro, na moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua. Jenereta haitakiwi kuwa ndani, wala chini ya dirisha la mtu.

Kufungua madirisha tu nako hakutoshi kila mahali. Duka linalotazama barabara ya Kariakoo litapokea vumbi na moshi wa magari, na joto la pwani likiingia bili ya umeme hupanda. Wenye busara hufungua upande wa nyuma, asubuhi kabla ya msongamano, na kuweka feni ya kutoa hewa upande mmoja ili hewa safi iingie kwa upande wa pili. Waliojenga Uhindini zamani waliacha matundu juu ya milango na madirisha. Wapangaji wa leo huyaziba kwa mbao ili kiyoyozi kifanye kazi.

Kipo kifaa kidogo cha kupima hewa ya ukaa. Nje hewa hiyo ni kama sehemu 420 kwa milioni. Ndani ikipita 1,000, chumba hakipati hewa ya kutosha. Anayejenga aache tundu la feni wakati ukuta unapandishwa, kwani kulitoboa baadaye ni gharama ya fundi na rangi upya. Anayepanga adai, kabla ya kusaini mkataba, kwamba angalau madirisha mawili yafunguke, na iandikwe nani atalipia feni.