Mguu Uliovunjika Morotonga: Mabingwa wa Mifupa na Elimu ya Kuzuia Madhara

Kijana wa Morotonga, karibu na mji wa Mugumu wilayani Serengeti, akianguka kutoka kwenye pikipiki au akipigwa teke na fahali wa plau, akavunjika muundi, mguu wake huanza safari ndefu. Kutoka mahali alipoangukia hadi kwenye meza ya upasuaji, uwe ni wa Mugumu, Tarime, Musoma au Bugando kule Mwanza, mguu huo hupita katika mikono ya watu wengi: jirani aliyemwinua, mwenye chombo aliyembeba, aghalabu muunga mifupa wa kijijini, mganga wa zahanati, muuguzi, na mwishowe daktari bingwa wa mifupa. Kila mkono waweza kuponya, na kila mkono waweza kudhuru.

Wengi hufikiri kwamba hatari yote iko katika ajali yenyewe. Sivyo. Mfupa wa kijana mwenye afya una uwezo mkubwa wa kujiunga. Ukitulizwa na kunyooshwa, na ukipata damu ya kutosha, chembechembe zake hujenga daraja jipya katika muda wa miezi michache. Kinachomwachia mtu kilema, au kumpotezea mguu kabisa, mara nyingi ni mambo yanayotokea baada ya kuvunjika: namna mguu ulivyofungwa, kidonda kilivyooshwa au kutooshwa, saa zilizopotea njiani, na makosa ya hospitalini. Madhara ya namna hii ndiyo ambayo madaktari wa upasuaji wa mifupa, kwa zaidi ya karne moja, wamejifunza kuyachunguza kama sayansi kamili, na mengi kati yao yamegunduliwa kuwa yanazuilika kwa mafundisho kuliko kwa mashine.

Tuanze na kufunga. Misuli ya mguu chini ya goti imegawanyika katika vyumba vinne, na kila chumba kimezungukwa na utando mgumu usiotanuka. Mfupa unapovunjika, damu na maji hujaa ndani ya vyumba hivyo. Kwa kuwa kuta hazitanuki, kanizo hupanda. Katika hali ya kawaida kanizo ndani ya chumba cha misuli haizidi milimita 10 hivi za zebaki. Ikipanda hadi kukaribia kanizo ya chini ya damu ya mgonjwa, vile vijishipa vyembamba vinavyolisha misuli hubanwa na kuzibwa. Hapo misuli huanza kufa kwa kukosa oksijeni, na hali ikidumu kwa muda wa saa sita hivi, sehemu kubwa ya misuli hiyo haitafufuka tena. Jambo la kutisha ni kwamba mshipa mkubwa wa damu unaweza kuendelea kupiga kwenye unyayo wakati huo wote, kwa maana kanizo inayotosha kuua misuli haitoshi kuuzuia mshipa mkubwa. Mtu akigusa na kusikia mapigo, hudhani mambo ni salama.

Sasa mguu huohuo uzungushiwe vijiti na kamba zilizokazwa sana, au plasta ngumu, ile ambayo watu huiita hogo, kabla uvimbe haujatulia. Ukuta wa pili usiotanuka huongezwa juu ya ule wa kwanza. Dalili hujitokeza kwa mpangilio unaofahamika: maumivu makali yasiyolingana na jeraha, ambayo huzidi vidole vikinyooshwa na mtu mwingine, ganzi, vidole kushindwa kusogea, na baadaye kabisa weupe na ubaridi. Mgonjwa hulia usiku kucha akiambiwa avumilie, na katika jamii inayomsifu kijana asiyetoa sauti akiumia, kilio hicho huchelewa kusikika. Siku ya nne au ya tano vidole huwa vyeusi, na hapo kazi iliyobaki kwa daktari ni kukata.

Ni rahisi kuwalaumu waunga mifupa wa jadi peke yao, lakini historia hairuhusu. Mwaka 1881 Richard von Volkmann, daktari mashuhuri wa upasuaji wa Ujerumani, ndiye aliyeeleza jinsi mkono unavyokakamaa na kujikunja kama kucha za ndege kwa sababu misuli yake ilikosa damu chini ya bandeji zilizobana. Bandeji alizokuwa akizizungumzia hazikufungwa na waganga wa vijijini, bali na madaktari wenzake. Kosa lilikuwa moja, na sababu ilikuwa moja: asiyejua kwamba kiungo kitavimba hufunga kwa kipimo cha saa ile anayofunga.

Isitoshe, nchi hii ya Mara na nyanda za jirani zake si ngeni katika sanaa ya tiba ya mifupa. Miongoni mwa Wakisii, upande wa pili wa mpaka, walikuwako wapasuaji wa jadi waliofungua fuvu la kichwa kwa watu walioumizwa vichwa, jambo ambalo J. G. Grounds aliliandika katika jarida la tiba la Afrika Mashariki mwaka 1958. Ufundi huo ulirithishwa kwa kumtazama mzee akifanya kazi, miaka kwa miaka. Ilikuwa ni elimu, na yenye nidhamu. Upungufu wake ulikuwa mahali pengine: mgonjwa aliyepona alisimuliwa, na aliyekufa hakuhesabiwa.

Je, yafaa daktari bingwa aketi na muunga mifupa na kumfundisha? Wako wanaopinga, wakisema kwamba kufanya hivyo ni kumpa cheti mtu asiyestahili. Hoja hiyo ina uzito, lakini ushahidi umeelekea upande wa pili. Katika hospitali moja ya vijijini nchini Ethiopia, daktari wa upasuaji aliona kwamba sehemu kubwa ya miguu na mikono aliyolazimika kuikata ilikuwa imeoza kwa sababu ya kufungwa kwa kukazwa. Aliwaita waunga mifupa wa eneo lake kwa mafunzo ya siku moja tu: namna ya kufunga bila kubana, namna ya kutambua dalili za hatari, na wakati wa kumpeleka mgonjwa hospitalini. Taarifa yake, iliyochapishwa mwaka 2005, ilionyesha kwamba katika kipindi kilichofuata, idadi ya viungo vilivyokatwa kwa sababu hiyo ilipungua sana. Siku moja ya mafunzo, bila chombo kipya hata kimoja. Mtu atakayeendelea kwenda kwa jirani yake anayemwamini, hata akikatazwa, ni afadhali amkute jirani huyo akijua.

Jambo la pili ni mfupa uliotoboa ngozi. Hapo vumbi, samadi na bakteria wameingia, na bakteria wakishakaa ndani ya mfupa ni vigumu kuwatoa, kwa sababu mfupa uliokufa hauna damu ya kupelekea dawa wala chembechembe nyeupe za ulinzi. Usaha unaweza kutoka kwa miaka. Mwaka 1976 Ramon Gustilo na John Anderson walichapisha uchunguzi wao wa mivunjiko 1,025 ya namna hii kutoka Minneapolis, Marekani, wakaonyesha thamani ya mambo yasiyo na utata wowote: kuosha kwa maji mengi safi, kuondoa nyama iliyokufa, kutoharakisha kushona vidonda vilivyoharibika sana, na kutoa mapema dawa za kuua bakteria. Ongeza chanjo ya pepopunda. Karibu yote haya yanaweza kuanzishwa katika kituo cha afya, na saa za kwanza ndizo zenye thamani kubwa kuliko zote. Mguu uliofika Mwanza kesho yake bila kuoshwa umekwisha kupoteza nafasi ambayo bingwa hawezi kuirudisha.

Tumfuate sasa kijana wetu hadi chumba cha upasuaji, ambako huenda msomaji akatarajia kwamba hatari zimekwisha. Ernest Amory Codman, daktari wa upasuaji wa Boston aliyejulikana kwa kazi yake juu ya bega na saratani za mifupa, hakuamini hivyo. Alidai kwamba kila hospitali imfuatilie kila mgonjwa hadi ijulikane kama tiba ilimfaa, na isipomfaa, iulizwe kwa nini. Wenzake hawakupendezwa. Mwaka 1911 alifungua hospitali yake ndogo, na mwaka 1914 akajiuzulu katika ile kubwa aliyokuwa akifanya kazi. Katika wagonjwa 337 waliotoka hospitalini kwake kati ya mwaka 1911 na 1916, aliandika makosa 123, akayachapisha ili watu wayasome. Hata leo ni wachache wenye moyo huo.

Baadhi ya makosa yana aibu kuliko mengine. Binadamu ana miguu miwili na magoti mawili, na mgonjwa akishalazwa usingizi na kufunikwa vitambaa, mguu wa kushoto na wa kulia hufanana sana. Chama cha mabingwa wa mifupa cha Marekani kilikadiria kwamba katika maisha ya kazi ya miaka 35, daktari mmoja kati ya wanne wa fani hiyo angeweza kupasua mahali pasipotakiwa walau mara moja. Wakanada walianza mwaka 1994, na Wamarekani wakafuata mwaka 1998, kuwahimiza madaktari watie herufi za majina yao kwa kalamu ya wino kwenye kiungo kitakachopasuliwa, mgonjwa akiwa bado macho na akikubali. Kalamu ya wino! Hakuna kifaa cha bei ndogo kuliko hicho katika hospitali nzima.

Kutokana na mawazo kama hayo, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2008 orodha ya ukaguzi yenye vipengele 19, isomwayo kwa sauti mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla ya mgonjwa kuondolewa mezani. Huulizwa jina la mgonjwa, mahali pa kupasuliwa, kama dawa ya kuzuia bakteria imetolewa, kama damu ipo. Mwishoni huhesabiwa sindano, mashashi na vyombo. Tanzania ilikuwa na nafasi yake katika kazi hiyo. Hospitali nane za dunia zilizoijaribu orodha hiyo mwaka 2007 na 2008 zilikuwa katika miji ya London, Seattle, Toronto, Auckland, New Delhi, Amman, Manila, na Ifakara katika Mkoa wa Morogoro. Zikijumlishwa pamoja, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi asilimia 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi asilimia 7.

Hata hivyo mwaka 2014 watafiti wa jimbo la Ontario, Kanada, walichunguza hospitali 101 ambako orodha ilikuwa imeanza kutumika kwa mkupuo, wasione badiliko la maana katika vifo. Karatasi ilikuwa ileile. Wataalamu wengi walieleza tofauti hiyo kwa kusema kwamba orodha inayoteremshwa kwa amri hujazwa, lakini haisomwi, na kwamba haina faida mahali ambapo muuguzi mdogo anaogopa kumwambia daktari mkubwa, "Samahani, Daktari, mguu ni wa kulia." Mwalimu yeyote aliyewahi kuona wanafunzi wakinakili majibu ubaoni bila kuelewa ataitambua hali hii mara moja.

Ndiyo sababu swali la kuzuia madhara hurudi kwenye elimu ya tiba. Tanzania ilifungua Hospitali ya Bugando mwaka 1971, na Taasisi ya Mifupa Muhimbili ikaundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Chuo cha Wapasuaji cha Afrika ya Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1999, huwafunza madaktari wa upasuaji katika hospitali za nchi zao wenyewe. Lakini mabingwa hukaa mijini, na ajali hutokea barabarani. Kwa miongo mingi tangu mwaka 1963, madaktari wasaidizi ndio waliobeba sehemu kubwa ya upasuaji katika hospitali za wilaya.

Kwa ajili ya watumishi kama hao yako mafunzo mafupi ya kuwahudumia majeruhi, ambayo chuo hicho na Chuo Kikuu cha Oxford waliyaeneza katika nchi za kanda hii kuanzia mwaka 2012. Utaratibu wake unastahili kuangaliwa na walimu. Siku mbili za kwanza wageni hufundisha. Siku ya tatu wanafunzi waliofanya vizuri hufundishwa namna ya kufundisha. Siku mbili za mwisho hao ndio husimama mbele ya darasa jipya, na wageni hukaa nyuma wakitazama. Mgeni akiondoka, elimu haiondoki naye.

Mafunzo ya aina hii hayajamfikia kila jirani wa Morotonga, lakini sehemu yake moja yaweza kufanywa katika somo la biolojia pasipo gharama yoyote. Mwanafunzi abonyeze ukucha wa mwenzake hadi uwe mweupe, kisha auachie. Wekundu hurudi ndani ya sekunde 2 hivi, kwa sababu vijishipa vimejaa damu tena. Halafu mpira mwembamba uzungushwe kwenye kidole, kwa muda mfupi tu, na jaribio lirudiwe: wekundu hukawia, kidole hubadilika rangi, na mwenye kidole husikia kukazwa hata kabla rangi haijabadilika. Mpira uondolewe mara. Kwa mgonjwa aliyefungwa banzi au plasta, ncha za vidole huachwa wazi kwa sababu hiyohiyo. Huulizwa na kubonyezwa kila saa katika siku ile ya kwanza, usiku pia. Wekundu ukikawia, au ukirudi upesi lakini maumivu yanazidi, kamba hulegezwa papo hapo, mguu huwekwa usawa wa moyo, na safari ya Mugumu haingoji asubuhi.