Mbuzi Mwenye Mimba Asinyimwe Chumvi

Katika vijiji vya Masafu, wilayani Busia, mbuzi hufungwa kamba. Mke wa askari aliye kambini humfunga mbuzi wake asubuhi penye majani, adhuhuri humhamisha, na jioni humrudisha bandani na kumpa maganda ya muhogo yaliyosalia jikoni. Ni desturi njema, kwani hulinda shamba la jirani na kuepusha mashtaka. Lakini kamba hiyo hiyo humnyima mbuzi hiari yake. Mbuzi aliye huru hung'ata jani la mti huu, hubandua gome la mti ule, hulamba udongo wa kichuguu. Ndivyo ajitafutiavyo madini. Hata tembo wa mlima Elgon, upande wa Kenya, huingia usiku katika giza la pango la Kitum na kuchimba kuta zake kwa pembe ili wapate chumvi. Tembo hana mtu wa kumfunga.

Mbuzi hubeba mimba kwa muda wa siku 150 hivi. Katika majuma sita ya mwisho ndipo kitoto kinapokua kwa haraka kuliko wakati wowote, nacho hujenga mifupa yake kwa kalsiamu na fosforasi anazozitoa mama. Mama asipolishwa vyema hutoa katika mifupa yake mwenyewe, na akiwa na mapacha mzigo huwa maradufu. Mbuzi aliyekaribia kuzaa akitetemeka, akayumba na kushindwa kusimama, bwana mifugo aitwe siku hiyo hiyo.

Jambo linalosahauliwa mno ni madini joto, yaani iodini. Sehemu za Busia na Tororo hula muhogo, na mifugo nayo hupewa maganda na majani yake. Muhogo una sumu ambayo mwili huigeuza, na kile kinachotokea huizuia tezi ya shingo kuyapokea madini joto. Basi mbuzi mwenye mimba aliyelishwa muhogo mwingi bila chumvi huweza kuzaa vitoto vilivyokufa, au dhaifu, visivyo na manyoya, vyenye rovu kooni. Mama aliyekwisha kuwahesabu wana-mbuzi wale kuwa karo ya muhula hubaki mikono mitupu, na mara huzuka uvumi kwamba jirani amelitupia zizi jicho baya. Watu wamekosana kwa sababu ya kijiko cha chumvi!

Si kila mimba iharibikayo ni kwa upungufu huu. Yako maradhi, kama brusela, yanayomwambukiza hata binadamu. Kwa hiyo kitoto kilichotoka kabla ya wakati kisishikwe kwa mikono mitupu.

Dawa haina gharama kubwa. Jiwe la chumvi ya mifugo lenye madini mchanganyiko ndilo bora. Litundikwe bandani, juu ya kinyesi na mbali na mvua, kwani mvua huliyeyusha bure. Lisipopatikana, kijiko kidogo cha chumvi ya jikoni iliyotiwa madini joto, kikinyunyizwa juu ya majani kila siku, humpa mbuzi sehemu ya haja yake. Chumvi hiyo ihifadhiwe katika chombo chenye kifuniko, maana jua na unyevu huyapoteza madini joto. Chumvi ghafi ya ziwa Katwe wanyama huipenda sana, ila haikutiwa madini hayo. Maganda ya muhogo yaanikwe kwanza, yasitolewe mabichi. Na maji yawepo siku zote: mbuzi aliyelamba chumvi akakosa maji ameongezewa taabu.

Anayefuga kondoo pamoja na mbuzi asome karatasi ya jiwe kabla ya kulinunua. Mawe mengine yana shaba nyingi. Mbuzi huistahimili, lakini kondoo huweza kufa kwayo.